Maji ya uji hayajawahi kulipuka

Nimesahihisha madaftari 22 ya tuisheni hapa Isevya, Tabora, na 17 yana kosa langu mwenyewe, karibu neno kwa neno. Wadogo zangu wa PCB (fizikia, kemia, biolojia), njooni hapa tuongelee kuchemka kwa alkoholi.

1. Ethanoli, ile alkoholi ya kwenye pombe, ikichemka, bondi ya O–H (oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli) haikatiki. Mimi niliandika kwamba inakatika, tena kwenye mok (mtihani wa majaribio) ya kidato cha sita, na nikapigia mstari kwa rula. Siku ya kurudishiwa pepa mwalimu akanisimamisha. Maji yana bondi gani? "O–H, mwalimu," nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua. Akasema, "Basi kila alfajiri mpishi akichemsha maji ya uji, juu inatoka haidrojeni na oksijeni, chini kuni zinawaka. Mbona jiko bado lipo?" Darasa lilicheka mpaka kengele. Nikaitwa Mlipuko hadi namaliza shule. Hata mpishi habari zilimfikia: akinipakulia maharage ananiuliza kama leo kuna usalama.

Kinachoachia ni mshiko kati ya molekuli na molekuli, unaoitwa bondi ya haidrojeni, pale haidrojeni ya OH inapovutwa na oksijeni ya jirani. Molekuli inaondoka nzima, na O–H yake. Tazameni dimethili etha: fomula ni ileile, C2H6O, lakini inachemka nyuzi −24 wakati ethanoli inangoja 78. Oksijeni inayo, ila haidrojeni zake zote zimeshikwa na kaboni.

2. Mnyororo wa kaboni ukirefuka, kiwango cha kuchemka kinapanda: methanoli 65, propan-1-oli 97, butan-1-oli 118. Msiniandikie kwamba bondi za haidrojeni zimeongezeka. OH ni moja ileile, zilizoongezeka ni nguvu za van der Waals, ule mvutano hafifu kati ya molekuli zinapogusana.

3. Matawi kwenye mnyororo yanashusha kiwango hicho. 2-methilipropan-2-oli ina atomi zilezile za butan-1-oli lakini inachemka 82 tu, maana imejikunja kama ngumi na haigusani vizuri na wenzake.

4. Kipimajoto kikisoma kama 75 kwenye ethanoli, msipike data. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake inakandamiza kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo kimiminika kinachemka mapema. Mwachieni fundi maabara vipimajoto vyake, ni vizima.

5. Ethanoli ipasheni ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya mwali. Hili sitaeleza nililijuaje. Nyusi zilishaota, ila jina la Mlipuko ndiyo likakaa kabisa.