Kumlilia usiyemjua

Ndugu yangu, umeuliza mtu wa Mombasa anamlilia nini mchezaji wa ligi ya Uingereza ambaye hata hamjui. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Asubuhi ile ya Julai 2025 habari za kifo cha Diogo Jota, mshambuliaji wa Liverpool, zilipofika, nilikuwa barazani kwetu Mji wa Kale. Muuza kahawa alikuwa ameinamisha dele, kikombe kikafurika asione. Mtoto wa jirani, mwenye jezi ya namba 20, aliketi kizingitini, hakusema na mtu mpaka adhana ya adhuhuri. Jota alikuwa na miaka 28, ana siku 11 tu tangu afunge ndoa, na ajali ile ya Hispania ilimchukua pamoja na nduguye. Hilo lisimuume mtu kwa nini?

Na si mpira tu. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alipofariki 2014, mamangu alizitoa kanda zake sandukuni. Moja utepe ulikuwa umelegea, akauzungusha kwa kalamu ya biki, polepole, machozi yanamtoka. Hakuwahi kusema naye hata salamu, lakini sauti ile ndiyo iliyolia usiku wa harusi yake.

Linaloniudhi mimi ni wale wanaosambaza picha za maiti kabla jamaa hawajaarifiwa. Hao ndio wa kuulizwa.

Liverpool wameistaafisha namba 20. Mtoto wa jirani naye haivai tena ile jezi mpirani, ameitundika ukutani juu ya kitanda chake.