Bakuli la maua mekundu

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Unaniuliza: jirani yako hapo Leeds, Uingereza, amekwambia mara ya tatu sasa, "siku moja uje unywe chai", je, uende? Kisha unalalamikia sinki lenye bomba mbili, moja ya kuunguza, nyingine ya barafu, na soketi zenye swichi zake ukutani. Hizo soketi si ndizo za kwa bibi yako Tanga, za pini tatu nene? Wewe mzaliwa wa Ohio, lazima ushangae. Mimi nilipofika Leicester na baba yako mwaka 1986, soketi ndicho kitu pekee nilichokitambua mle ndani.

Sasa jirani. Wangu alikuwa bibi mmoja wa Kiingereza, mjane, tumetenganishwa na ukuta tu. Naye aliniambia hivyo hivyo, siku moja uje. Ramadhani ikaingia, nikakaanga sambusa. Manda na bizari havikunisumbua, maana mji ule ulijaa Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Nikazipanga kwenye lile bakuli la maua mekundu alilonipa mama, nikabisha hodi. Akafungua mlango nusu, akashukuru sana, akapokea, akafunga.

Kesho yake nalikuta bakuli kizingitini. Limeoshwa, linang'aa. Ndani mna bahasha, ndani ya bahasha kadi ya shukrani, hati nzuri ya kalamu ya wino, jina langu limekosewa herufi moja tu. Basi! Hata ndimu, mwanangu. Hata kijiko cha sukari. Chombo hakirudi kitupu, hilo nimekwambia tangu hujaota meno. Nililia jikoni, baba yako akacheka, na kicheko kile sijamsamehe.

Halafu tukahamia Marekani, Columbus ya Ohio. Yule jirani wa mbwa unamkumbuka: alinikumbatia, akapiga kelele, akala sambusa mbili palepale mlangoni na mapishi akataka nimwandikie. Bakuli sikuliona tena. Lile lile la mama. Wewe mwenyewe nilikutuma mara mbili ulifuate, ukarudi unatafuna biskuti.

Sasa hapo nimshike nani? Kadi ya yule bibi ninayo mpaka leo, kwenye droo ya vyeti vyenu. Labda kwao kurudisha chombo kisafi ndiyo heshima yenyewe, kwamba cha mtu hakikukaa kwake hata siku mbili. Labda. Lakini chombo hakirudi kitupu! Ila na sisi tusijifanye. Tukiwa tunakula akapita mtu, si tunamwita "karibu", naye anajibu "starehe" huyo anakwenda zake? Siku akiingia kweli na sufuria imebaki ukoko, tutaficha wapi nyuso? Huenda "siku moja uje" ni karibu yao, na mimi ndiye niliyekosa kusema starehe. Nilitaka kukwambia nani mwungwana zaidi kati ya wale wawili, na jibu ninalo, lakini wewe unaishi nao, niache.

Usiende mpaka akutajie siku na saa. Akitaja, nenda na njaa yako, maana huko kaskazini wakisema chai wanaweza kumaanisha chakula cha jioni. Ukimpelekea kitu, tia kwenye sahani ya karatasi.

Hapana. Tia kwenye bakuli. Halafu uniambie limerudi na nini.

Mama yako