Ukifika Ugenini, Sajili Laini kwa Jina Lako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anasafiri kwenda masomoni nje ya nchi, na kwamba mwenyeji wake amekwisha kumwandalia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwenyeji huyo, "ili nisihangaike nikifika, kaka." Maneno hayo yalinitonesha kidonda, kwani nami nilipokewa hivyo hivyo, nikashukuru kwa mikono miwili.

Kwa miezi saba niliiita namba ile yangu. Niliijaza kwenye mkataba wa nyumba, benki na kwa mwajiri. Kisha tukakosana na mwenyeji wangu kwa jambo dogo nisilopenda kulieleza hapa, naye akaenda dukani na kitambulisho chake, akapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Nilikuwa ndani ya basi alama ya mtandao ilipotoweka kwenye simu yangu. Kuanzia jioni hiyo, tarakimu sita ambazo benki hutuma kuthibitisha malipo zilikuwa zikiingia kwenye simu ya mtu mwingine. Nilipokwenda kulalamika, mhudumu aligeuza skrini yake nione, akauliza kwa upole, "Jina hili ni lako?" Sikuwa na la kusema.

Ndiyo maana nasisitiza: nenda mwenyewe, na pasipoti mkononi, ukasajili laini ya malipo ya kabla, kwa kuwa ile ya mkataba mara nyingi hudai kibali cha ukaazi na akaunti ya benki ambavyo mgeni bado hana. Kabla ya safari, weka kadi ya mtandao mwingine kwenye simu yako uhakikishe kwamba haikufungwa kwa kampuni moja. Piga pia *#06# unakili zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, maana zipo nchi zinazotaka simu yenyewe isajiliwe. Usidanganyike na laini za kielektroniki (eSIM, zisizo na kadi ya kuchomeka) wanazouziwa watalii mtandaoni. Nyingi hutoa intaneti tu, hazina namba ya kupigiwa.

Namba ya nyumbani nayo usiitupe. Benki ya kwenu itaendelea kuitumia, na ukiiacha bila salio wala matumizi, kampuni itaifunga na hatimaye kumpa mtu mwingine. (Namba yangu ya pili ilikuwa ya mdaiwa sugu, wadai wake walinipigia mwaka mzima.)

Enyi mnaosafiri, acheni kuona haya. Heshima kwa mwenyeji ni jambo jema, lakini namba ya simu siku hizi ndiyo ufunguo wa fedha zako, na ufunguo hauazimwi. Jina lako, pasipoti yako, laini yako!

Msomaji wangu amejibu kwamba akiikataa laini ile atamuudhi mwenyeji. Nimemwambia aipokee, ashukuru, aitumie siku tatu za kwanza kuulizia njia, ila asiijaze kwenye fomu yoyote.