Maswali na majibu: mwaka ambao runinga za Kenya zilizimika

*Wasomaji bado wananiuliza kuhusu mwaka 2015, Kenya ilipoacha analojia na kuhamia dijitali. Haya hapa baadhi ya maswali yao.*

Kwa nini Citizen, NTV, KTN na QTV zilizimwa, huku KBC na K24 zikiendelea? (Mwanafunzi wa uanahabari, Eldoret)

Wengi hudhani vita vile vilihusu picha safi. La, vilihusu mnara. Katika analojia kila kituo kilikuwa na masafa yake na mitambo yake. Kwenye dijitali, mtambo mmoja hubeba chaneli nyingi kwa pamoja, hivyo kazi ya kutengeneza vipindi ikatenganishwa na kazi ya kuvisafirisha. Leseni za kusafirisha mawimbi zilipewa Signet, tawi la KBC, shirika la utangazaji la serikali, na Pan African Network Group, kampuni ya Kichina. Royal Media (wenye Citizen), Nation (wenye NTV na QTV) na Standard (wenye KTN), waliokuwa wamejijengea minara kwa miaka mingi, walikataa kumkabidhi mtu mwingine mawimbi yao. Wakaungana, wakadai leseni yao wenyewe, wakaenda mahakamani. Mahakama ya Rufaa iliwapa ushindi Machi 2014; Mahakama ya Juu ikaubatilisha Septemba mwaka huohuo. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo yao ya analojia ikazimwa. K24 haikuwa katika kesi hiyo, na KBC ndiyo iliyokuwa na Signet.

Vituo hivyo vinne vilibaki gizani karibu wiki tatu, hadi mapema Machi, vikarejea kwa dijitali. Naelewa hofu ya wenye vituo: anayeshika mnara anaweza kukuzima. Nasikitika tu kwamba kila upande ulizungumza kwa niaba ya mtazamaji, lakini hakuna aliyemuuliza angetazama nini usiku ule.

Tarehe 17 Juni 2015, iliyotajwa kuwa kikomo cha analojia, ilitoka wapi? Nani aliamua? (Msomaji, Nakuru)

Ilitoka Geneva. Mwaka 2006 nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilitia saini mkataba chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Mkataba haukusema kwamba siku hiyo runinga zote za analojia zitakufa. Ulisema kuwa baada yake mawimbi ya analojia hayatalindwa tena dhidi ya mwingiliano kutoka nchi jirani. Kenya ilichagua kumaliza mapema, kwa awamu, Nairobi ikitangulia. Jirani zetu Tanzania walikuwa wameshaanza: Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, kisha miji mingine ikafuata.

Faida nyingine ya zoezi hili ni kwamba dijitali hutumia masafa machache, na yanayobaki wazi yanaweza kupewa intaneti ya simu.

Nilinunua king'amuzi mapema kabisa, baadaye nikaambiwa hakifai. Nilidanganywa? (Mama wa watoto watatu, Machakos)

Hukudanganywa na muuzaji, mama, lakini hukutendewa haki. Dijitali ilizinduliwa nchini tarehe 9 Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T. Baadaye nchi ikahamia DVB-T2, unaobeba chaneli nyingi zaidi katika masafa yaleyale. King'amuzi cha T2 kinasoma mifumo yote miwili. Cha T hakiwezi kusoma T2. Kitaalamu uamuzi ule ulikuwa sahihi. Hata hivyo waliotii mwito wa kwanza ndio waliolipa mara mbili, na hilo halikupaswa kuachwa mabegani mwao.

Je, lazima nilipe kila mwezi? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. King'amuzi cha chaneli za bure unakinunua mara moja tu. Malipo ya mwezi ni ya kampuni kama GOtv na StarTimes.

Dijitali ilituletea vipindi bora? (Mwigizaji, Nairobi)

Ilileta nafasi, na nafasi si kipindi. Kituo kipya hakihitaji tena kujenga minara nchi nzima. Kinakodi nafasi kwa msafirishaji wa mawimbi. Ndiyo maana Inooro TV iliweza kuanza Oktoba 2015 ikitangaza kwa Kikikuyu, jambo ninalolifurahia kwa dhati, maana mtu kupata habari kwa lugha ya mamake ni haki. Lakini fedha za matangazo hazikuongezeka kwa kasi ya chaneli. QTV, mojawapo ya zile nne, ilifungwa mwaka 2016. Wewe mwigizaji unajua kinachofuata: bajeti hupungua, vipindi vya zamani hurudiwa, malipo huchelewa. Ukipewa mkataba, soma kama unalipwa kipindi kinaporudiwa.

Bado nina televisheni ya kichogo. Niitupe? (Mzee, Kitui)

Usiitupe, mzee wangu. Mradi ina matundu ya waya wa njano, mwekundu na mweupe, itapokea king'amuzi. Antena ya juu ya paa nayo huenda ikafaa ikiwa ni ya UHF, yaani masafa yanayobeba runinga ya dijitali. Igeuze taratibu kuelekea mnara ulio karibu huku mtu mwingine akiangalia kipimo cha mawimbi kwenye skrini.