Nyama ya sadaka anaondoka nayo nani? Kwa wanaoanza kutunga dini za gemu

Gemu ninazozisema ni zile za mezani, kila mchezaji anaigiza mhusika wake na mmoja anasimulia dunia, na kampeni ni hadithi moja ndefu ya vikao vingi. Kampeni yangu ya kwanza niliandika miungu 14. Kila mmoja ana jina, rangi yake, silaha yake, ndoa yake na ugomvi wake na mashemeji, kurasa 30 na kitu kwenye kauntabuku. Siku ya kwanza mezani wachezaji wakaingia hekaluni wakamkuta kuhani anachinja mbuzi, nami nikaanza kumsoma mungu wangu kwa mbwembwe zote, afu jamaa mmoja akaniuliza, "Sasa hiyo nyama anaondoka nayo nani?" Nikakwama. Nikabumba jibu pale pale, nikasema inachomwa yote mpaka jivu. Akasema mbuzi mzima? Na hapo nje si umetuambia mji una njaa? Meza nzima ikacheka, na miungu yangu 13 iliyobaki hakuna aliyekuja kuiuliza mpaka kampeni imekufa.

Kwaiyo wewe unayeanza leo, anza na nyama. Mungu aliumba dunia vipi utaandika baadaye ukipata muda, na usipopata hakuna atakayekudai. Wachezaji wanakutana na dini mlangoni: nani amekaa pale, anadai nini, anavaa nini, amekatazwa nini.

Misri ya kale hili la nyama walishalimaliza zamani sana. Chakula kinawekwa mbele ya sanamu, mungu "anakula" kwa namna yake, kisha kinatolewa kinagawiwa makuhani na watumishi wa hekalu, ndiyo posho yao. Na makuhani wengi walikuwa wa zamu, mtu anatumikia mwezi mmoja kati ya minne, miezi mingine yuko nyumbani na shughuli zake kama watu wengine, zamu ikifika ananyoa mwili mzima anaingia. Ukiangalia hapo tu una kesi ngapi? Paja la ng'ombe la nani, nani kaiba mkate kwenye zamu ya mwenzake, yule aliyewaona usiku ule zamu yake imeisha juzi na yuko kijiji cha mbali anavuna, mfuateni huko. Hakuna pepo, hakuna unabii, na kikao kizima kimeshajaa.

Sasa kwa nini makuhani wa gemu zetu wengi wamekuwa kama zahanati inayotembea? Kuna historia pale. Dungeons & Dragons, mama wa gemu hizi, ilipotoka mwaka 1974 kulikuwa na aina 3 tu za wahusika, mpiganaji, mchawi na kuhani, na huyu kuhani alizaliwa kwenye meza ya Dave Arneson, mmoja wa waliotunga gemu hiyo, manake kuna mchezaji alikuwa anacheza kama vampaya, mfu anayenyonya damu, na amewashinda wenzake nguvu, ikabidi apatikane mtu wa kumdhibiti. Yaani kuhani alikuja kama dawa ya tatizo la mezani, dini yenyewe ikaja kushonewa baadaye. Tumerithi hiyo mpaka leo, mchezaji anachagua mungu kwa kuangalia anapewa nguvu gani, ukimuuliza mungu wako anapenda nini anakuangalia kama umemuuliza namba ya siri. RuneQuest, gemu nyingine ya mwaka 1978, ilijaribu njia nyingine, ukijiunga na ibada ya mungu fulani unadaiwa muda na sehemu ya kipato chako, na mimi naona wao ndo waliokuwa sahihi.

Dawa yangu ni miiko. Mpe kuhani wa mchezaji mwiko mmoja wa ajabu kidogo, usimweleze sababu. Roma kulikuwa na kuhani wa Jupiter ambaye haruhusiwi kupanda farasi, haruhusiwi kuona jeshi limejipanga, maharage hagusi wala hayataji kwa jina, na kwenye nguo zake pasiwe na fundo hata moja. Hilo la fundo nililiiba zima zima. Mchezaji wangu akacheka akasema poa, rahisi hiyo. Kikao cha tatu wako ndani ya kisima kikavu, maadui wanakuja, wenzake wanamshushia kamba wanamwambia jifunge kiunoni tukuvute. Akanyamaza. Afu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi kuizungusha tu bila kuifunga inahesabika?" Tulibishana nusu saa ile, mwenzake anayecheza mhusika mwizi akageuka mwanasheria wa dini, na yule jamaa mpaka leo anajiita kuhani wa fundo. Hakuna uganga wowote uliowahi kunipa usiku kama ule.

Na waumini wa kawaida usiwape elimu ya juu ya dini yao, watu hawaishi hivyo. Bibi yangu hakuazimisha sindano usiku, ukimuuliza kwa nini anakwambia haiazimishwi, basi, kalale. Kwenye mji wangu wa wavuna chumvi nikaweka kwamba jua likizama chumvi haitajwi. Wachezaji wamefika saa 2 usiku, supu haina ladha, mmoja kaita chumvi kwa sauti, nikawaambia ukumbi wote umekaa kimya na mwenye nyumba kaenda kufunga dirisha. Walipouliza sababu niliwapa watu watatu wenye majibu matatu: mmoja kasema bahari inasikia, mwingine kasema ni heshima kwa waliozama, wa tatu kasema hajui ila baba yake alikuwa anapiga makofi. Usiwaambie lipi la kweli. Wewe mwenyewe usijiamulie mapema.

Mgawanyiko nao usiutafute kwenye mambo makubwa. Sisi wenyewe si tunajua, mwezi umeandama haujaandama, mtaa mmoja Idi inasaliwa siku mbili. Northumbria huko Uingereza mfalme Oswiu anasherehekea Pasaka wakati malkia wake bado amefunga Kwaresima, kwa sababu walifuata hesabu tofauti za tarehe, ikabidi kiitishwe kikao Whitby mwaka 664 kuamua. Ukiwa na mume anayekula na mke aliyefunga kwenye meza moja huhitaji vita vya nuru na giza.

Ila angalia pa kuchota. Niliwahi kumweka kiongozi wa dini mla rushwa, nikampa lafudhi na kanzu na maneno ya watu tunaowajua kabisa, na mezani kulikuwa na mtu mzazi wake ni mtumishi wa Mungu. Hakusema kitu, wiki iliyofuata hakuja. Chukua utaratibu, acha sura ya mtu. Hivyo hivyo na makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kuna mtu aliniletea ramani kayageuza pango la mazimwi, nikamwambia wazee wa kaya wapo hai na misitu ile ina miiko inayofuatwa leo. Jifunze pale jinsi msitu unavyolindwa na fingo, yaani kago la ulinzi, lililofukiwa na katazo la kukata mti, kisha katunge msitu wako mwenyewe.

La mwisho ni miungu kujibu. Mungu akiongea wazi kila akiulizwa hadithi imekwisha, ni kama una namba yake ya simu. Mimi natumia tena Wamisri: siku ya sikukuu sanamu inatolewa ndani ya mashua, inabebwa mabegani na makuhani, mtu anauliza swali njiani, mashua ikisogea mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma hapana. Wachezaji wangu wakaona mwanya haraka sana, wakahonga wabebaji 7 kati ya 12 ili mungu akubali mshtakiwa ni mwongo. Siku ikafika, swali likaulizwa, mashua ikaenda mbele hatua moja, ikasimama, afu ikageuka taratibu mpaka ikaelekea pale walipojificha wao. Wakakimbia mji. Miaka miwili sasa wananiuliza ilikuwa ni mungu au ni wale 5 ambao hawakupewa kitu, na mimi kwenye kauntabuku sijaandika.