Nilimwambia baba anajifanyisha, wewe usirudie kosa langu

Juzi kuna dada kanitumia meseji, mume wake kapata kiharusi cha pili, haongei, chakula kinakaa tu mdomoni hakishuki, lakini kuna wakati anapiga mwayo mdomo wazi kabisa, basi mashemeji wanasema jamaa anajifanyisha. Nimeisoma mara tatu. Ni baba yangu huyo!

Baba kiharusi cha kwanza alipona vizuri tu. Cha pili kikapiga upande mwingine wa ubongo, uso ukaganda. Fungua mdomo, hafungui. Toa ulimi, wapi, anakutazama tu mate yanamtiririka. Halafu mjukuu akifanya vituko vyake, baba huyo anacheka, uso mzima! Siku moja nimekaa na kijiko karibu saa nzima hafungui, nageuka kuweka bakuli namwona anapiga mwayo mkubwa. Nikawaka. "Baba unatufanyia makusudi!" Akaomba kalamu kwa ishara, akaandika, "Nakusikia. Mdomo ndo haunisikii." Ile karatasi ninayo mpaka leo na bado inaniuma.

Daktari wa neva akatuambia inaitwa sindromu ya Foix-Chavany-Marie, madaktari watatu Wafaransa waliielezea 1926. Sehemu ya ubongo inayoamrisha uso, ulimi na koo ipo kulia na kushoto, moja ikifa nyingine inabeba mzigo, zikiumia zote mbili amri ya kukusudia haifiki tena. Kicheko, kilio na mwayo vinapita njia nyingine ndo maana vinatoka vyenyewe. Yaani mtu hagomi, hawezi!

Kwa hiyo dada, mpe kalamu. Na msimlazimishe kula kabla mtaalamu hajampima anavyomeza, sisi tulimnywesha maji kwa nguvu yakaingia kwenye mapafu, nimonia ikatulaza hospitali. Baada ya hapo ikawa anakaa wima, kijiko kidogo kidogo, maji yanaongezwa uzito, akichoka tunaacha. Mwishoni akawekewa mrija wa tumboni, ndugu wakanuna, mi nasema ulimwongezea nguvu.

Na nyie mnaokaa pembeni ya kitanda mnamhukumu mgonjwa, acheni jamani, anawasikia! Kila neno anasikia na hana mdomo wa kuwajibu.

Dada, leo akiamka kalamu kwanza, halafu niandikie kasema nini.