Santuri za redio zilizokatwa nyumbani miaka ya 1930 na 1940: usizipige kabla ya kusoma hapa

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini santuri zako za kondakta Toscanini na okestra ya NBC, shirika la redio la Marekani, zilizorekodiwa nyumbani kwa mtu huko Marekani kutoka redioni, zinakatika kila baada ya dakika nne hivi, na kama unaweza kuziweka kwenye pleya yako ya LP, zile santuri ndefu za kasi ya 33. Naanza na la pili kwa sababu ndilo linaloua mali. Usiziweke bado.

Jua kwanza una kitu gani. Chungulia ukingo wa tundu la katikati. Rangi ya fedha maana yake ni alumini iliyopakwa laka nyeusi. Kahawia ni kadibodi, santuri ya bei rahisi. Sumaku ikishika, ndani mna bati la chuma. Mwanga ukipenya, hicho ni kioo: wakati wa vita alumini ilikwenda kwenye ndege, viwanda vikapaka laka juu ya kioo. Ya kioo ibebe kwa mikono miwili, haisamehe. Ikiwa santuri nzima ni fedha tupu bila weusi wowote, huenda ni ya kabla ya 1934, laka ilipoanza kuuzwa. Kwenye alumini tupu sindano haikukata kitu, iliubonyeza tu mfuo, yaani mstari unaobeba sauti, kwenye chuma.

Wengi huziita asetati. Jina limeshazoeleka, ila laka ile ni naitreti ya selulosi iliyolainishwa kwa mafuta, mara nyingi ya nyonyo, na hilo lina matokeo yake. Inashika moto upesi sana. Mafuta yakijitenga, unaona unga mweupe juu ya santuri ambao watu hudhani ni ukungu, kumbe ni asidi ya mafuta hayo. Laka iliyopoteza mafuta hunywea, alumini iliyo chini hainywei, ndipo inapopasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta.

Piga picha lebo kabla ya maji, wino na penseli hutoka. Yenye unga peke yake ioshe kwa maji yaliyokenekwa (distilled) yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, ukiufuata mfuo. Spiriti isiikaribie kabisa, inayeyusha laka. Ya kadibodi usiiloweshe. Yenye nyufa usiioshe hata kidogo, maana maji yataingia chini ya laka na kuinua vipande.

Sasa zile dakika nne. Mashine za kukata ziliweka mifuo kama 112 kwa inchi. Santuri ya inchi 12 ina eneo la kukata la inchi 3.5 hivi kila upande, yaani mizunguko 392. Kwa kasi ya mizunguko 78 kwa dakika hiyo ni dakika tano, ukiitumia yote. Ya inchi 10 haifiki nne. Sehemu ya kwanza ya Eroica, simfonia ya Beethoven, kwa kawaida inapita dakika 13, kwa hiyo inakula pande tatu au zaidi. Mwenye mashine moja alipaswa kuinua kichwa, kufagia mabaki ya laka, kugeuza na kushusha tena, huku okestra haimsubiri. Muziki uliopita hapo haumo kwenye santuri zake.

Wenye mashine mbili waliwasha ya pili kabla ya kwanza kuisha. Sikiliza mwisho wa upande mmoja na mwanzo wa unaofuata: ukikuta vipimo vilevile vya muziki vimejirudia, utaunganisha bila pengo. Ila pande za witri zilikatwa na mota moja na za shufwa na nyingine, na kasi zao hazifanani. Zirekebishe kama makundi mawili.

Mbona hawakutumia 33 wapate muda mrefu? Wapo waliofanya hivyo, wakalipa kwa ubora. Kwa 78, ukingo wa nje wa santuri ya inchi 12 hupita chini ya sindano kwa mita 1.2 hivi kwa sekunde. Kwa 33, karibu na lebo, ni mita 0.2. Mawimbi ya sauti za juu husongamana mno, fidla zinasikika kama zimefunikwa blanketi.

Kuna pia uzi. Sindano ikikata, laka hutoka kama unywele mrefu, ukijizungusha kwenye sindano mfuo umeharibika. Baadhi walikata kuanzia ndani kwenda nje ili uzi uangukie palipokwisha kukatwa. Kwa hiyo sindano ikiteleza nje papo hapo, ishushe karibu na lebo ujaribu.

Kupiga: sindano ya LP ina ncha ya milimita 0.018 hadi 0.025, itaburuzika chini ya mfuo na kukuletea makelele tu. Tafuta ya 0.064 hadi 0.076, uzito gramu 3 au 4. Kompyuta ianze kunasa kabla sindano haijagusa, maana laka dhaifu inaweza kukupa nafasi moja tu. Nasa kuta zote mbili za mfuo kama stereo, biti 24, kisha chagua ukuta uliochakaa kidogo. Zima RIAA, ile kanuni ya pleya ya kusawazisha besi na sauti za juu. Kanuni hiyo ni ya 1954, na mashine hizi hazikuijua. Besi utaipandisha baadaye kwa sikio.

Kasi ndiyo kazi tamu kuliko zote. Umeme wa Marekani ni Hezi 60, na mvumo wake mara nyingi umenaswa pamoja na muziki. Ukiuona kwenye 61.5, punguza kasi kwa asilimia 2.4. Mara nyingi unaanza juu ukingoni kisha unashuka kuelekea lebo, kwa sababu kichwa cha kukata kiliielemea mota zaidi kikiwa nje. Rekebisha kwa vipande, si kwa namba moja. Sisi huku tuna bahati: mvumo wa umeme wetu ni 50, hauwezi kuchanganyika na wa santuri.

Sauti ya mtangazaji usiikate. Toscanini alianza na okestra hiyo tarehe 25 Desemba 1937 akaachia 1954, na maneno machache ya mtangazaji yanaweza kukuonyesha tamasha lenyewe ni lipi kati ya hayo yote.